Mwaridi wa uani haupogolewi kwa kalenda ya nchi za baridi



Wiki hii tuwaache wanasiasa wapumue kidogo, tuingie uani. Masika yanaelekea ukingoni, kusi imeshika, na jua limepunguza ukali wake. Kwa kila mwenye mwaridi nyumbani, uwe ardhini, kwenye chungu au kwenye debe la mafuta lililotobolewa chini, wakati wa kutafuta mkasi ndio huu. Naandika haya kwa sababu mwaka juzi nusura niuue mwaridi wa mamangu kwa mikono yangu mwenyewe, na niliufanyia hivyo nikiwa na hakika kwamba nafuata maneno ya wajuzi.

Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na mwaridi mmoja kando ya kisima nyumbani kwetu Mombasa. Haukuwa mkubwa, lakini maua yake yalinukia mpaka barazani. Akichuma mawili matatu huyaweka kwenye sahani pamoja na asumini, na palipokuwa na arusi mtaani majirani walikuja kuomba ya kutia kwenye vikuba. Alikuwa na mkasi wake wa kushonea, na kila akichuma ua hakulikata pale kwenye kikonyo. Aliteremka na mkasi chini kidogo, akakata pamoja na kipande cha tawi. Sisi watoto tulidhani ni mazoea tu ya mkono wake.

Alipofariki hakuna aliyethubutu kuugusa ule mti. Kuukata tuliona kama kumkosea mwenyewe. Miaka minne ikapita. Mwaridi ukapanda ukaupita ukuta. Chini vikabaki vijiti vitupu, majani yakashika madoa meusi, yakageuka manjano na kuanguka. Maua yakawa mawili au matatu kwa msimu, tena huko juu kabisa, ya kutazamwa na kunguru. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tuliuchelea mti kukatwa, tukaishia kulia kwa kukosa maua.

Ndipo nikaingia kwenye simu. Nikapata video ya mzee mmoja wa Uingereza, mtu mpole anayeonyesha anajua kazi yake. Alisema mwishoni mwa Februari usiogope, kata mwaridi mpaka ubaki urefu wa shubiri moja au mbili kutoka ardhini. Basi mimi nikangoja Februari, nikanoa mkasi, nikakata mpaka shubiri moja. Baada ya wiki mbili mashina matatu kati ya matano yalikuwa yamekauka, na ngozi yake upande wa jua imekuwa ya kahawia kama iliyobabuliwa na moto.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea alisimama kando ya kisima akautazama kwa muda. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mti umeuvua nguo jua la kaskazi, kisha wataka usichomeke?"

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliniamuru nisikate tena, nitundike kuti upande wa jua la alasiri, nimwagilie maji asubuhi, na ningoje mvua. Mwishoni mwa Aprili, kwenye yale mashina mawili yaliyobaki, yalitokea macho madogo mekundu. Alhamdulillah. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikiuliza na kujaribu, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Nayaandika ili mwenzangu asipitie nilikopita.

Yule mzee hakusema uongo

Kosa halikuwa la mzee wa video. Kosa lilikuwa langu, kwa kuchukua kalenda ya kwao nikaileta kwetu.

Uingereza, ikifika Disemba, mwaridi hupukutisha majani ukalala. Chakula ulichokitengeneza wakati wa joto huwa umekihifadhi kwenye mizizi na mashina. Mwisho wa Februari baridi kali inaanza kuondoka, mti unakaribia kuamka, na mkulima akikata mpaka chini hakuna kilichopotea. Ghala la chakula liko salama chini ya ardhi, jua ni dogo, na miezi ya kukua ndiyo kwanza inaanza.

Mwaridi wa Mombasa, Malindi au Lamu haulali kamwe. Sisi hatuna baridi ya kuulaza. Mwaka mzima una majani, na majani ndiyo jiko lake. Chakula kinapikwa kila siku na kuliwa kila siku, na akiba inayowekwa ni ndogo. Ukiyaondoa majani yote kwa siku moja umelivunja jiko huku ghala ni tupu. Ukifanya hivyo Februari au Machi, miezi ambayo kwetu ndiyo yenye joto kali zaidi ya mwaka, umeongeza msiba juu ya msiba. Mashina yaliyozoea kivuli cha majani yake yenyewe yanapigwa na jua ghafla, na ngozi yake inaungua.

Hata ushauri wa hapa hapa Kenya yafaa tuupime. Mawaridi mengi tunayouzia Ulaya hulimwa Naivasha, mahali palipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku wake wa baridi na hewa yake kavu. Sisi tuko pwani, kwenye unyevu na joto la usiku na mchana. Mti ni huo huo, maisha yake ni mengine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo ningeijua mapema nisingeungua, ni hii: bara wanaweza kukata sana, pwani tunakata kidogo lakini tunakata mara kwa mara.

Basi kwa nini tukate?

Mtu anaweza kusema, kama kukata kuna hatari hizi zote, si heri kuuacha? Sisi tuliuacha miaka minne, na matokeo nimekwishaeleza. Ziko sababu tatu za kupogoa, na ukizielewa hizo hutahitaji kukariri mengine.

Sababu ya kwanza ni maua yenyewe. Miwaridi mingi tunayoiona majumbani, ile inayochanua tena na tena mwaka mzima, hutoa ua kwenye ncha ya tawi jipya. Tawi la zamani halizai ua moja kwa moja, mpaka lichipuze kwanza. Usipokata, mti unachipuza kule juu tu kwenye ncha, na kila mwaka ncha zinazidi kwenda juu. Ukikata, unayaamsha macho yaliyolala chini ya pale ulipokata, na kila jicho ni tawi jipya lenye matumba yake.

Sababu ya pili ni hewa. Ugonjwa unaotusumbua sana pwani ni wa madoa meusi, unaoletwa na ukungu. Ukungu huo huhitaji jani libaki na majimaji kwa saa kadhaa mfululizo ndipo uingie. Mti uliosongamana katikati haupitishi upepo, na umande au mvua ya usiku inakaa juu ya majani mpaka jua liwe juu. Ukifungua katikati, upepo wa bahari unakausha majani mapema, na ukungu unakosa nafasi. Dawa za dukani zipo, lakini mkasi ndio wa kutangulia.

Sababu ya tatu ni kuondoa wazee kuwapisha vijana. Shina likizeeka linakuwa gumu, la kijivu, lenye maganda, na hutoa vitawi vyembamba visivyoweza kubeba ua la maana. Kila mwaka ukitoa shina moja zee kutoka chini, mti unajifanya upya wenyewe bila kushtuka.

Lipo jambo la kutahadhari hapa. Baadhi ya miwaridi ya asili ya zamani huchanua mara moja tu kwa mwaka, kwenye matawi ya mwaka uliopita. Wenye jamaa Oman watakuwa wamesikia habari za Jabal Akhdar, mlima wenye vijiji vilivyo karibu mita 2,000 juu, ambako mawaridi ya kutengenezea marashi huchumwa baina ya Machi na Mei. Mwaridi wa namna hiyo ukiukata kabla ya maua umeyakata maua ya mwaka mzima. Kwa hiyo kama wako huchanua mara moja tu kwa mwaka, ngoja umalize kuchanua ndipo ukate.

Wakati wake hapa kwetu

Kwa pwani yetu, upogoaji mkubwa wa mwaka mwema wake ni Julai mpaka Agosti mwanzoni. Mvua nzito za masika, ambazo wazee huziita mvua za mwaka, zinakuwa zimepita. Ardhi bado ina unyevu. Joto liko chini kuliko miezi mingine yote, kwa hiyo mashina yaliyofunuliwa hayaungui. Mti unapata miezi kadhaa ya kujijenga kabla kaskazi haijarudi na jua lake.

Upogoaji wa pili ni mdogo, mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zinapokaribia. Huo ni wa kusafisha tu: matawi yaliyokufa, yaliyo mgonjwa, na yale yaliyokimbia nje ya umbo. Kuanzia Januari mpaka mvua za masika zishike, weka mkasi mkubwa kabatini. Miezi hiyo unachuma maua na kutoa yaliyonyauka, basi.

Kutoka siku ya kupogoa mpaka maua kufunguka huchukua wiki 6 mpaka 8. Hesabu hii ina faida. Kama una arusi nyumbani na wataka mawaridi yako mwenyewe, rudi nyuma wiki 7 kutoka siku ya arusi, hapo ndipo pa kukata. Na kwa wanaosoma Maulidi na kupenda nyumba inukie mawaridi mwezi huo, hesabu ni nyepesi zaidi: ukikata tarehe 15 ya Mfungo Nne, wiki ya sita inakuangukia mwishoni mwa Mfungo Tano na wiki ya nane tarehe 12 ya Mfungo Sita. Lakini kumbuka mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo miezi hii inazunguka majira yote. Ukiona mwaka fulani hesabu inakuangusha kwenye jua kali la Februari, kata ncha tu, usiguse mashina.

Siku yenyewe chagua isiyo na mvua, na uanze asubuhi umande ukishakauka. Kidonda cha mti kikikauka siku hiyo hiyo, ukungu unakosa mlango.

Namna ya kukata

Vifaa si vingi. Unahitaji mkasi wa bustani ambao visu vyake viwili vinapishana kama mkasi wa kawaida. Ule ambao kisu kimoja kinagandamiza juu ya bamba huponda shina, na shina lililopondwa linaoza. Panga liache jikoni kwa nazi. Kwa mashina mazee mno tumia msumeno mdogo. Vaa glavu nene na nguo ya mikono mirefu. Mwiba wa mwaridi huingia ndani, na mchomo wenye udongo unaweza kuleta pepopunda, kwa hiyo osha jeraha vizuri kwa sabuni, na kama chanjo yako ni ya zamani nenda zahanati. Pangusa visu kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuanza na kila unapotoka mti mmoja kwenda mwingine, la sivyo utakuwa unagawa ugonjwa nyumba nzima.

Kisha fuata utaratibu huu, hatua kwa hatua, bila haraka.

Kwanza ondoa wafu. Tawi lililokufa ni la kahawia au jeusi, na ukilikata ndani yake ni kavu. Teremka kidogo kidogo mpaka ukute moyo mweupe wenye ngozi ya kijani pembeni. Ukiona bado kuna kahawia katikati, teremka tena.

Pili ondoa wagonjwa na wanaogombana. Matawi mawili yanayosuguana hujeruhiana kila upepo ukivuma, na kwetu upepo hauishi. Bakisha lililo na nguvu, toa mwenziwe. Toa pia vitawi vyembamba kuliko penseli vilivyojazana katikati.

Tatu tazama umbo. Unataka mti uwe kama bakuli: mashina manne mpaka sita yenye afya yamezunguka pembeni, na katikati pako wazi. Ukisimama juu yake uone udongo chini. Kama kuna shina zee sana, litoe hilo moja mwaka huu. Jingine lingoje mwakani.

Nne punguza urefu. Hapa ndipo nilipokosea. Pwani usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa mti wenye afya. Mti uliotelekezwa kama ule wetu waweza kufika nusu, lakini usivuke hapo, na hakikisha kila shina linabaki na majani. Kama unahitaji kuushusha sana, gawa kazi kwa miaka miwili.

Tano angalia jicho. Pale jani linapoungana na tawi kuna kinundu kidogo, wakati mwingine chekundu. Hilo ndilo jicho, na tawi jipya litakwenda upande linakotazama. Chagua jicho linalotazama nje ya mti, ukate juu yake kwa nafasi ya nusu sentimita hivi. Ukikata mbali sana unaacha kijiti kitakachokauka na kuoza, na ukikata karibu sana unalikausha jicho lenyewe. Ukate mshazari kidogo, mteremko uelekee upande wa pili ili maji yasitiririkie jicho. Usijisumbue kupima pembe. Mkasi mkali na nafasi sahihi vina uzito kuliko pembe.

Sita zoa kila kilichoanguka. Majani yenye madoa yaliyo chini ya mti ndiyo shule ya ugonjwa wa mwaka ujao. Usiyatie kwenye shimo la mbolea. Yachome au yatupe mbali.

Wageni wanaotoka chini

Kama mwaridi wako umenunuliwa nasari, kuna uwezekano mkubwa ni mche wa kuunganishwa: juu ni mwaridi wa maua mazuri, chini ni mizizi ya mwaridi mwingine wa porini wenye nguvu. Karibu na ardhi utaona kifundo, hapo ndipo walipoungwa. Tawi lolote linalochipuka chini ya kifundo hicho si la ua ulilolinunua. Ukiliacha litakua kwa kasi, litanyonya chakula chote, na mwaka mmoja au miwili baadaye utashangaa kwamba mwaridi wako "umegeuka" na kutoa vijiua vidogo usivyovijua. Mti haukugeuka, umemezwa na mizizi yake.

Watu husema hesabu vijani, tawi la porini lina saba na la kwako lina vitano. Usitegemee hesabu hiyo, kwa maana hata mwaridi mzuri hutoa vijani saba mara kwa mara. Fukua udongo kidogo kwa kidole uone tawi limetoka wapi. Kama ni chini ya kifundo, lishike uling'oe kwa kulivuta literemke. Ukilikata kwa mkasi linabaki na macho yake na kurudi matatu badala ya moja.

Mwaridi wa mamangu haukuwa na kifundo. Ulitokana na kijiti alichopewa na jirani, kwa hiyo kila kilichotoka chini kilikuwa ni wenyewe. Hilo ndilo lililouokoa. Laiti ungekuwa wa kuunganishwa, na yale mashina mawili yakafa, kilichochipuka Aprili kingekuwa cha porini.

Mkasi wa kila wiki

Sasa nafahamu mamangu alikuwa akifanya nini na mkasi wake wa kushonea. Ua likinyauka likaachwa mtini, hufanya tunda dogo la mbegu, na mti ukiona una mbegu unaona kazi yake imekwisha. Nguvu zote zinakwenda huko. Ukilitoa ua, mti unajaribu tena.

Usilikate shingoni tu. Teremka mpaka jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje, kata juu yake. Hapo tawi ni nene na jicho lina nguvu, na ua la pili litakuwa la maana kama la kwanza. Lakini kama mti ni mchanga au dhaifu, toa ua peke yake na majani yote uyaache. Anayefanya hivi kila wiki atakuta Julai hakuna kazi kubwa iliyobaki. Mamangu alikuwa akipogoa mwaka mzima, ua kwa ua, na sisi tukimtazama tusione.

Baada ya mkasi

Mti uliokatwa unahitaji chakula na maji. Weka samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu, mpaka debe nusu kwa mti mkubwa, kisha funika udongo kwa makumbi au majani makavu. Yote hayo yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja, ili shina lisioze. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo na si juu ya majani, na mwagilia maji mengi mara mbili tatu kwa wiki kuliko kunyunyiza kila siku.

Na maji yenyewe yaangalie. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na mwaridi haupendi chumvi. Ukiona kingo za majani zinaungua ilhali udongo una unyevu, onja maji ya kisima. Kama ni ya chumvi, tumia ya mfereji, au kinga ya mvua kwenye pipa. Na ukiona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, huenda ni udongo wetu wa mawe ya matumbawe unaozuia madini ya chuma yasifike. Hapo hakuna mkasi utakaosaidia. Changanya samadi zaidi na udongo mwekundu, au uhamishie kwenye chungu kikubwa.

Wiki ya pili au ya tatu utaona machipukizi mekundu. Usiogope wekundu wake, ndio rangi ya uchanga.

Vijiti usivitupe

Vile vijiti vyenye afya ulivyovikata ni mali. Chukua kile chenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 mpaka 20, chenye macho matatu au manne. Chini kata sawa chini ya jicho, juu kata mshazari ili usisahau upande. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, ukizike nusu yake kwenye chungu chenye mchanga wa mto na udongo, nusu kwa nusu. Usitumie mchanga wa pwani, una chumvi. Kiweke kivulini, udongo uwe na unyevu bila kuelea maji. Baada ya wiki nne mpaka sita kivute kidogo sana. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Si vyote vitashika, kwa hiyo panda kumi ukitarajia nusu.

Julai iliyopita niliupogoa mwaridi wa mamangu kwa mara ya pili maishani mwangu, theluthi moja tu, shangazi akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ananisimamia. Nilipomaliza niliokota vijiti kumi na viwili. Saba vilishika. Kimoja kiko kwa ndugu yangu Kisauni, kimoja kwa dadangu Malindi, na kimoja nimempa yule jirani ambaye mamake ndiye aliyempa mamangu kijiti cha kwanza. Wao mwaridi wao ulikufa zamani, na sasa umerudi nyumbani.

Miaka minne tuliogopa kuugusa kwa sababu ulikuwa wa mama. Kumbe mama mwenyewe hakupitisha wiki bila kuukata. Basi ndugu msomaji, kama uani kwako kuna mwaridi ulioachwa kwa heshima ya aliyeupanda, tafuta mkasi Julai hii. Kata kidogo, kata vizuri, na usitupe vijiti.

Wabillahi tawfiq.